Mcheza Kwao Hutunzwa? Harold Abrahams, Mkimbiaji Aliyegeuka Kiongozi

Wengi wetu tulimjua Harold Abrahams kwa njia ya filamu. Chariots of Fire ilitoka mwaka 1981, ikapata tuzo nne za Oscar, na hata ambaye hajaiona anautambua muziki wake na wale vijana waliovaa nguo nyeupe wakikimbia ufukweni. Katika filamu hiyo Abrahams ni kijana Myahudi wa Chuo Kikuu cha Cambridge anayekimbia ili awaonyeshe Waingereza kwamba naye ni mwenzao. Anashinda mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924, na baada ya hapo filamu haina mengi ya kusema juu yake.

Lakini Abrahams alikuwa na umri wa miaka 24 tu siku hiyo, na aliishi miaka mingine 53. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia katika uongozi wa riadha: kwenye kamati, kwenye vitabu vya hesabu, mbele ya kipaza sauti cha BBC na kwenye kurasa za magazeti. Katika makala hii tunamfuata huko, kwa sababu swali lililoko huko linatugusa sisi wanaklabu kuliko ule ushindi wenyewe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, mtu ambaye wenyeji walikuwa na shaka kama hapa ni kwao, akishatunzwa na kupewa ufunguo wa nyumba, anaufanyia nini?

Nyumba ya Bedford

Abrahams alizaliwa Bedford, Uingereza, tarehe 15 Desemba 1899. Baba yake, Isaac, alikuwa mhamiaji Myahudi kutoka nchi za Lithuania na Poland, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Alifika Uingereza na jina la Klonimus, akalibadili kuwa Abrahams, akafanya biashara ya kukopesha fedha. Mama yake, Esther, alitoka katika familia ya Kiyahudi ya Wales.

Isaac alikuwa na tamaa moja ambayo watoto wa wahamiaji wataitambua mara moja: wanawe wasome, tena wasome wanakosoma wakubwa. Mkubwa wao, Adolphe, akawa daktari, akapewa hadhi ya Sir, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa waasisi wa tiba ya michezo nchini Uingereza. Sidney akawa mrukaji wa mbali aliyeshiriki michezo ya Athens mwaka 1906 na Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912.

Kwa Sidney tunafika kwetu kabisa. Baada ya kusomea sheria aliingia katika utumishi wa makoloni, na mwaka 1915 alikuwa hakimu wa mji huko Zanzibar. Baadaye akawa Jaji Mkuu wa Uganda, kisha Jaji Mkuu wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1936. Hivyo basi, mtoto wa mhamiaji ambaye huku aliangaliwa kama mgeni, kule Dar es Salaam alikaa kwenye kiti cha juu kabisa cha mahakama za mkoloni na kuwahukumu wenyeji. Hatusemi hivi ili kumshutumu mtu aliyekwisha kufariki. Tunalisema kwa sababu linaonyesha kwamba familia hii haikukaa nje ya mlango wa dola ya Kiingereza. Iliingia ndani, na ikapewa kazi.

Kocha aliyekaa nje ya uwanja

Harold alisoma Repton, kisha akaingia Gonville and Caius College, Cambridge, mwaka 1919 kusomea sheria. Huko alikutana na dharau dhidi ya Wayahudi, na baadaye maishani alikiri kwamba dharau hiyo ilimsukuma kukimbia kwa bidii zaidi. Hata hivyo hakutengwa kabisa kama filamu inavyodokeza, kwani alifika kuwa rais wa klabu ya riadha ya chuo kikuu hicho. Mwaka 1920 alikwenda Olimpiki ya Antwerp na akatolewa kabla ya nusu fainali ya mita 100.

Baada ya hapo alifanya jambo lililozua minong'ono. Alimchukua kocha wa kulipwa, Sam Mussabini, mzaliwa wa London mwenye asili ya Syria, Italia na Ufaransa. Ili tuelewe kwa nini minong'ono ilikuwepo, inabidi tueleze neno moja: ridhaa. Mwanamichezo wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kupenda, bila malipo. Katika Uingereza ya karne ya 19 neno hili lilikuwa pia ukuta wa kitabaka. Klabu ya kwanza kubwa ya riadha ya ridhaa, iliyoanzishwa London mwaka 1866, iliwafungia nje mafundi na vibarua. Chama cha riadha cha AAA kilipoundwa Oxford mwaka 1880 kiliwafungulia wafanyakazi mlango, lakini kikashikilia kwa nguvu kwamba anayepokea fedha za michezo asiguse mbio zake. Kwa waungwana wa wakati ule, hata kufanya mazoezi kupita kiasi kulinuka biashara.

Si kwamba Abrahams peke yake alikuwa na kocha. Eric Liddell, yule Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili, naye alikuwa na wake. Ila Abrahams aliliweka jambo hilo wazi na kulifanya kazi ya kila siku. Mussabini alimfundisha kutoka kwenye mstari, kutumia mikono, kufupisha hatua na kuinamia utepe mwishoni. Aliweka vipande vya karatasi kwenye njia ili ajue mguu utue wapi. Leo hayo ni mafunzo ya kawaida kwa mwanafunzi yeyote wa sekondari anayejiandaa kwa mashindano. Mwaka 1924 yalikuwa kama siri ya mganga.

Wateuzi wa timu walimpanga pia kwenye kuruka mbali, kwa kuwa mwezi Juni mwaka huo alikuwa ameruka mita 7.38, rekodi ya Uingereza iliyokaa kwa zaidi ya miaka 30. Abrahams hakutaka kuchosha miguu yake kabla ya mbio. Aliandika barua kwa gazeti la Daily Express akilaumu uamuzi huo, na hakutia jina lake, ila alijiita mwanariadha mashuhuri wa kimataifa. Akaondolewa kwenye kuruka. Tuikumbuke barua hii, kwa sababu aliyewachokoza viongozi kwa ujanja namna hiyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi mwenyewe.

Fainali ilikuwa tarehe 7 Julai, saa moja jioni, uwanja wa Colombes. Waliokimbia pamoja naye walikuwa Wamarekani wanne, akiwemo Charley Paddock, bingwa wa 1920, na Arthur Porritt wa New Zealand. Abrahams alishinda kwa sekunde 10.6, muda uliolingana na rekodi ya Olimpiki, na akawa mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuchukua dhahabu ya mita 100. Jackson Scholz alikuwa wa pili, Porritt wa tatu. Mussabini hakuwa uwanjani. Kocha wa kulipwa hakuwa na nafasi katika msafara rasmi, akabaki kwenye chumba chake karibu na uwanja akisubiri ishara ya nani ameshinda.

Kutoka kwenye njia hadi kwenye kamati

Mwezi Mei 1925 Abrahams alivunjika mguu akiruka mbali, na mashindano yakaisha kwake akiwa na miaka 25. Alikuwa amekwisha kuwa wakili, na kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1940. Lakini mwaka huohuo wa 1925 alianza kuandika habari za riadha kwenye Sunday Times, kazi aliyoishika hadi 1967. Aliingia kwenye kamati kuu ya AAA, akahariri ripoti rasmi ya Uingereza ya Olimpiki ya 1928, na akawa sauti ya BBC kwenye mashindano makubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa mweka hazina wa bodi ya riadha ya Uingereza kwa miaka ipatayo 20, kisha mwenyekiti wake. Mwaka 1976 akawa rais wa AAA, na akafariki akiwa na cheo hicho mwezi Januari 1978.

Alipenda takwimu kama wengine wanavyopenda mashairi. Chama cha kimataifa cha watunza takwimu za riadha kilipoundwa mwaka 1950, yeye alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Roger Bannister alipokimbia maili chini ya dakika nne pale Iffley Road, Oxford, tarehe 6 Mei 1954, Abrahams alikuwepo. Ukisoma leo orodha ya rekodi za zamani ukaziamini, sehemu ya imani hiyo unadaiwa na watu wa aina yake, waliosisitiza kwamba muda uandikwe sawasawa, na mahali na tarehe yake.

Huo ndio upande wake mzuri. Kuna mambo mawili ambayo tumeyajadili kwa muda mrefu, na hatukukubaliana sote.

Berlin

La kwanza ni Olimpiki ya Berlin ya 1936. Hitler alikuwa madarakani tangu 1933, na Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamefukuzwa kwenye klabu za michezo. Kulikuwa na sauti nchini Uingereza zilizotaka nchi isiende, na ndani ya AAA hoja ya kujitoa ililetwa, lakini haikupita. Abrahams, ambaye bila shaka alikuwa Myahudi mashuhuri kuliko wote katika riadha ya Uingereza, alisimama upande wa kwenda. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwasusia Wajerumani hakutasaidia kitu, na kwamba kukutana nao kunaweza kuwalainisha. Akaenda Berlin kama mtangazaji wa BBC. Matangazo yake ya mita 1500, alipokuwa akimshangilia waziwazi rafiki yake Jack Lovelock wa New Zealand, yanakumbukwa hadi leo.

Upande wa pili wa mizani tunamweka Gretel Bergmann, mrukaji juu Myahudi wa Ujerumani. Alipofungiwa michezo kwao alihamia Uingereza, na mwaka 1934 akawa bingwa wa Uingereza. Serikali ya Kinazi ilimrudisha kwa vitisho ili dunia ione kwamba Wayahudi nao wanapewa nafasi. Wiki chache kabla ya michezo kuanza, wakati timu za nje zilikuwa zimekwisha kuthibitisha kuja, aliondolewa kwenye timu. Kuhudhuria hakukumlainisha mtu. Kulimpa Hitler alichokitaka.

Wapo kati yetu wanaosema Abrahams asihukumiwe kwa macho ya leo. Alikuwa mtoto wa mhamiaji aliyejua kwamba akipaza sauti kuhusu Wayahudi, wenzake kwenye kamati wangesema anatetea ndugu zake tu, na kwamba kimya ndiyo ada aliyolipa ili abaki mezani. Wanaongeza kwamba nyumbani hakuwa na kimya hicho, kwa kuwa yeye na mkewe, mwimbaji Sybil Evers, waliwapokea watoto wawili wakimbizi wa Kiyahudi. Wengine wetu wanajibu kwamba mtu mwenye medali ya dhahabu, sauti ya redio na safu ya gazeti alikuwa na nafasi ambayo Bergmann hakuwa nayo, na kwamba neno lake lingekuwa zito kwa sababu hiyohiyo. Mwandishi wa makala hii ni klabu nzima, kwa hiyo tunaziacha hoja zote mbili hapa. Tunakubaliana juu ya jambo moja tu: wema wa nyumbani, ingawa ni wema wa kweli, haukujibu swali lililoulizwa kwenye kamati.

Ukuta wa ridhaa

La pili halina kelele kama Berlin, lakini liligusa maisha ya watu wengi zaidi. Bodi ambayo Abrahams alikuwa mweka hazina wake ndiyo iliyosimamia sheria ya ridhaa. Katika miaka ya 1950 watu kwa maelfu walikata tiketi kwenda kuangalia riadha katika uwanja wa White City, London. Wanariadha waliowavuta watu hao walipata nauli na posho ndogo. Aliyezidisha alikuwa hatarini kufungiwa. Gordon Pirie, mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa wakati huo, aligombana na viongozi hao mara kwa mara. Mwaka 1958 wanariadha wa timu ya taifa waliunda klabu yao wenyewe ili wawe na sauti mbele ya viongozi. Mwaka 1961 Geoff Dyson, kocha mkuu wa AAA tangu 1947, alijiuzulu baada ya mivutano ya miaka na viongozi waliodhibiti kazi yake.

Hapa ndipo tunaposhangaa. Mtu aliyethibitisha mbele ya dunia nzima kwamba kocha anaweza kumfikisha mkimbiaji kwenye dhahabu alikuwa miongoni mwa wakubwa wa riadha siku kocha bora wa taifa alipoondoka kwa kuchoshwa. Abrahams hakuwa peke yake kwenye uongozi, na si haki kumbebesha kila uamuzi. Ila hakuwa mjumbe mdogo wa kukaa nyuma, na hakuna aliyejua kuliko yeye ukuta ule ulivyo ukiwa upande wa nje.

Ukuta huo ulifika pia Afrika Mashariki. Kenya ilipounda chama chake cha riadha mwaka 1951, chini ya maafisa wa kikoloni, kilichukua kanuni za ridhaa kama zilivyo. Mwezi Julai 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikuja White City kwenye mashindano ya AAA, wakakimbia miguu mitupu. Chepkwony hakumaliza mbio zake za maili sita. Maiyoro aliwaacha wote mwanzoni mwa maili tatu, akapitwa na kumaliza wa tatu, na kasi yake ilichangia mbio hizo kuzaa rekodi ya dunia. Miaka minane baadaye Seraphino Antao, mwana wa Mombasa mwenye asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye mashindano hayohayo ya AAA, kisha akarudia ushindi huo kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Yadi 100 za AAA ndizo Abrahams alizozishinda mwaka 1924. Antao baadaye alihamia London, na huko ndiko alikofariki mwaka 2011.

Tofauti ni kwamba Abrahams alikuwa na taaluma ya uwakili ya kumlisha. Wakimbiaji wengi waliotoka vijijini Kenya na Tanganyika walikuwa na mshahara wa askari polisi, askari jeshi au askari magereza, na miguu yao. Kipchoge Keino na Ben Jipcho walipojiunga na mbio za kulipwa za Marekani katika miaka ya 1970, mlango wa Olimpiki ulifungwa nyuma yao. Shirikisho la kimataifa la riadha lilianza kulegeza sheria hiyo mwaka 1982, miaka minne baada ya Abrahams kufariki. Kwa tajiri ridhaa ilikuwa heshima. Kwa mtoto wa mkulima ilikuwa kodi.

Tunachokichukua

Baada ya kusoma haya yote, hatumwoni Abrahams kuwa mnafiki. Tunamwona mtu aliyeipenda nyumba aliyoingia kuliko waliozaliwa ndani yake. Alijua kanuni zake, historia yake na rekodi zake zote kwa moyo, na huenda ndiyo maana ilimwia vigumu kuvunja hata ukuta mmoja. Aliyeingia kwa taabu huogopa kuonekana mharibifu. Tunaifahamu hofu hiyo. Sisi tuliozaliwa au kulelewa huku tumeiona kwa wazazi wetu wanaojaza fomu mara mbili mbili ili zisiwe na kosa, na tunaiona kwetu wenyewe tunapochaguliwa kwenye kamati za chuo na kukuta tumekuwa watetezi wa taratibu ambazo mwaka jana tulizilalamikia.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Medali ilimpa Abrahams haki ya kukaa mezani, na aliitumia kutunza kumbukumbu za mchezo kwa uaminifu ambao bado unatufaa. Haki hiyohiyo ilimpa deni, na deni hilo hakulilipa lote. Alimkumbuka Porritt: inasemekana wawili hao walikula chakula cha jioni pamoja kila tarehe 7 Julai, saa moja, kwa zaidi ya miaka 50. Mussabini, aliyefariki mwaka 1927, alikumbukwa pole pole zaidi. Nyumba aliyoishi Abrahams huko Golders Green, London, iliwekwa kibao cha buluu cha kumbukumbu mwaka 2007. Ile ya Mussabini huko Herne Hill ilipata chake mwaka 2012, miaka 85 baada ya kifo chake. Atakayefika London akavitembelee vyote viwili, ila aanze na cha Herne Hill.